Soma Pambizo Kwanza: Kuifunga Ramani ya Karatasi Ndani ya GPS

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlionitangulia katika kazi hii, mafundi wa maji, waongoza watalii, askari wa wanyamapori, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wenyeji wetu wa Dodoma, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchukua ramani ya karatasi, kuiskani, na kuiingiza kwenye GPS ya mkononi au kwenye simu, ili uitembeze porini mahali ambapo hakuna mtandao. Wataalamu wanaiita kazi hii jiorefarensi. Mimi na wenzangu huiita kuifunga ramani. Picha inayotoka kwenye skana haijui iko wapi duniani. Inaelea kama mtumbwi uliokatika kamba, na kazi yetu ni kuufunga tena mahali pake.

Nianze na siku ambayo niliufunga mahali pasipo pake.

Miaka kadhaa iliyopita tulitumwa kutafuta visima vya zamani katika mkoa huu. Tulikuwa na karatasi ya skeli ya 1:50,000 iliyoonyesha kisima kando ya korongo. Tuliiskani, tukaifunga kwenye kompyuta usiku uleule. Programu ikatuonyesha kwamba kosa ni chini ya pikseli mbili, yaani vinukta viwili vya picha, tukalala tukiwa na furaha. Asubuhi tukaifuata GPS mpaka kwenye alama. Tulikuta miiba na kichuguu. Tukapekua pale tangu saa mbili mpaka saa sita mchana, jua likiwa utosini, hatukuona hata kipande cha saruji.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi bondeni akatuita: "Wanangu, huko juu mnatafuta nini?" Tukashuka, tukampa shikamoo, tukamweleza. Akasema, "Kisima kiko huku, nyuma ya mkwaju ule. Nimeyanywa maji yake tangu nikiwa mtoto." Tukamfuata, na kisima kilikuwepo, mdomo wake umefunikwa kwa magogo. Nikapima kutoka pale tulipokuwa tukihangaika. Zilikuwa mita zipatazo 310, kuelekea kusini na kidogo mashariki.

Naomba muishike namba hiyo pamoja na uelekeo wake. Haikuwa bahati mbaya, wala GPS haikuwa mbovu. Yeyote atakayerudia kosa langu, kwa karatasi ya zamani ya Tanzania au ya Kenya, atapotea kwa umbali unaokaribiana na huo na kwa upande huohuo. Mita 300 kwenye karatasi ya 1:50,000 ni milimita 6 tu. Ukiwa ofisini huzioni. Ukiwa porini unapoteza siku nzima, na kama umebeba mtambo wa kuchimba, unapoteza fedha za wananchi.

Kosa lilikuwa hili: niliandika kodineti za kwenye karatasi, yaani namba zinazotaja mahali, kwa usahihi kabisa, lakini sikuiambia programu kwamba kodineti zile zilihesabiwa kwa umbo jingine la dunia.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha yote nitakayosema. Dunia si mviringo kamili. Imebonyea kwenye ncha zake. Ili kuichora ni lazima kwanza upimaji ukubali umbo moja la hesabu, halafu umbo hilo liwekwe mahali fulani. GPS inatumia umbo na mfumo unaoitwa WGS84, ambao kitovu chake kimewekwa kwenye kitovu cha uzito wa dunia nzima. Karatasi zetu zilichorwa kabla satelaiti za GPS hazijakuwepo. Zenyewe zinatumia umbo lililohesabiwa mwaka 1880 na Mwingereza Alexander Ross Clarke, na mfumo, au datamu, inayoitwa Arc 1960.

Hilo neno Arc maana yake ni tao, na tao lenyewe lina historia inayostahili heshima. David Gill, aliyekuwa mwanaastronomia wa serikali kule Cape, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1879, alitamani kuona mnyororo wa pembetatu ukipimwa kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, kutoka kusini mwa Afrika mpaka Misri. Alifariki mwaka 1914 mnyororo haujakamilika. Uliunganishwa mwaka 1954, kipande cha mwisho kikiwa Sudani. Katikati yake ulipita upande wetu wa magharibi. Mtu alipanda kilele cha mlima, akapima pembe kwenda vilele vingine, akashuka, akapanda kinachofuata. Chanzo cha hesabu yote kilikuwa nukta moja iitwayo Buffelsfontein, Afrika Kusini. Kwa hiyo ukiishika karatasi ya Dodoma, au ya Machakos, unashika ramani ambayo asili ya kodineti zake iko maelfu ya kilomita kusini, na imefika hapa kwa kupokezana kutoka mlima hadi mlima. Watu wale hawakukosea. Walipima vizuri mno kwa vyombo walivyokuwa navyo. Ni kwamba umbo lao na umbo la satelaiti hayajawekwa pamoja, na tofauti yake kwetu ni hizo mita 300 za kaskazini na kusini, na kama 90 za mashariki na magharibi.

Ukiisoma kodineti ya Arc 1960 kama vile ni WGS84, ramani yako yote inasogea kaskazini na kidogo magharibi. Ndiyo maana mimi nilikuwa juu kwenye miiba, na kisima kilikuwa chini kwa mzee.

Habari hii yote imeandikwa wapi? Kwenye pambizo. Chini ya ramani, kwa maandishi madogo ambayo watu huyakata wakati wa kuskani ili faili liwe dogo. Nimeona maktaba nzima za ramani zilizoskaniwa bila pambizo, na niliumia. Ukikata pambizo umekata cheti cha kuzaliwa cha ramani. Skani karatasi yote, mpaka ukingo mweupe.

Kwenye pambizo soma gridi, yaani ile mistari ya miraba yenye namba, ni ipi, na ukanda wake. UTM ni gridi inayoigawa dunia katika kanda na kuhesabu mahali kwa mita, na nchi yetu imeingia katika kanda zake tatu. Kigoma mjini iko ukanda wa 35, sisi hapa Dodoma mjini tuko 36, Morogoro na Dar es Salaam ziko 37. Mpaka wa 36 na 37 ni longitudo ya nyuzi 36, ambayo inapita kati yetu na Kongwa, si mbali na tulipokaa. Maana yake karatasi mbili zilizopakana, unazoziunganisha mezani kwa gundi, zinaweza kuwa na namba ambazo hazifanani hata kidogo: moja inaishia karibu na mita 832,000 za mashariki, jirani yake inaanza karibu na 168,000. Fundi asiyejua hilo atadhani kiwanda cha uchapaji kimekosea. Kwenye orodha ya mifumo ya kodineti ndani ya QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, Arc 1960 ya ukanda wa 36 kusini ina namba 21036, na ya ukanda wa 37 ni 21037. Ziandikeni ukutani. Na ukikuta karatasi ya zamani zaidi, yenye gridi ya wakati wa vita badala ya UTM, simama kwanza, uulize, usikisie.

Sasa kazi yenyewe. Nitatumia QGIS kwa sababu ni bure, inafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, na mwanafunzi akimaliza chuo haondoki akiiacha nyuma kwa kukosa leseni. Wapo wanaotumia OziExplorer kwa miaka mingi, na mimi nilijifunzia huko. Kanuni ni zilezile.

Kuhusu kuskani sitakaa sana. Doti 300 kwa inchi zinatosha. Kwa kiwango hicho pikseli moja kwenye skeli ya 1:50,000 ni mita 4 na kidogo, na GPS ya mkononi yenyewe kwa kawaida haikupi usahihi ulio bora sana kuliko huo. Tafuta skana kubwa inayomeza karatasi nzima. Ukiipiga picha kwa simu, lenzi inapinda kingo. Ukiiskani vipande vinne, utafunga mara nne na kukosea mara nne. Na karatasi ikiwa imekunjwa miaka 40 kwenye kabati lenye unyevu, imetanuka na kusinyaa: milimita moja tu ya kutanuka ni mita 50 ardhini.

Ukishaifungua picha, usiende kutafuta makutano ya barabara. Najua kishawishi hicho. Unaiona njia panda kwenye karatasi, unaiona kwenye picha ya satelaiti, unazibofya zote mbili. Barabara ya mwaka 1965 si barabara ya leo. Imenyooshwa, imehamishwa, na mchoraji wa ramani aliichora nene kuliko ilivyo ili isomeke. Karatasi imekwisha kukupa kitu bora: mistari ya gridi, kila kilomita moja, na makutano yake yana namba kamili zilizochapwa pembeni. Kuza picha mpaka msalaba wa mistari ujaze dirisha, bofya katikati yake, andika namba ya mashariki na ya kaskazini. Namba ya kaskazini kwetu kusini mwa ikweta inaanzia milioni 10 na kupungua kadiri unavyokwenda kusini, kwa hiyo hapa Dodoma utaandika milioni 9 na laki tatu na kitu. Tarakimu ndogo za mwanzo zimechapwa kwenye pembe za karatasi tu, wengi huzisahau.

Pembe nne, katikati ya kila upande, na moja katikati ya karatasi: hizo ni nukta tisa. Kihesabu nukta tatu zingetosha kwa polinomia ya kwanza, ile hesabu rahisi ya kuikalisha picha mahali pake. Lakini nukta tatu haziwezi kukusuta. Zikikosewa, hesabu inazikubali zote na kukuambia kosa ni sifuri. Nukta ya nne ndiyo shahidi wa kwanza, na mimi napenda mashahidi wengi.

Programu itakuchorea mshale mwekundu kwenye kila nukta kuonyesha mabaki, yaani umbali kati ya pale ulipobofya na pale hesabu inapodai ungebofya. Mabaki ya pikseli moja mpaka tatu ni mazuri. Ukiona mshale mmoja mrefu kuliko ndugu zake, rudi kwenye namba ulizoandika, maana mara nyingi umeruka mraba mmoja wa gridi. Kilomita moja ni kama pikseli 236, na haijifichi.

Ila nawaomba mshike hili, hasa ninyi vijana mnaopenda kujaribu kila kitufe. Kuna mbinu inayoitwa thin plate spline, inayoinyoosha picha kama mpira mpaka kila nukta ikae pale ulipoitaka. Mabaki yake ni sifuri daima. Inafaa kwa ramani iliyochorwa kwa mkono au karatasi iliyokunjamana vibaya, kama umeipa nukta nyingi. Kwa karatasi nzuri ya serikali inafanya madhara, maana namba uliyoikosea haitapiga kelele. Itaivuta ramani kimyakimya na wewe utaona sifuri ya kupendeza. Mimi usiku ule nilikuwa na mabaki chini ya pikseli mbili, na nilikuwa mita 310 nje. Mabaki yanakuambia kama nukta zako zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Hayakuambii kama zinakubaliana na ardhi.

Kwa hiyo funga karatasi kwanza katika mfumo wake wa kuzaliwa, Arc 1960 na ukanda wake. Ukishapata faili la GeoTIFF, yaani picha inayojua mahali pake, ndipo uibadilishe kwenda WGS84 kwa hatua ya pili. Programu itakuuliza utumie mageuzi yapi. Yapo ya Kenya, ya Tanzania, na ya wastani wa nchi zote mbili, ambayo husogeza kitovu cha umbo kwa mita 160, 6 na 302 katika mihimili mitatu. Tofauti kati ya hayo matatu huku kwetu ni mita chache. Tofauti kati ya kuchagua mojawapo na kutochagua lolote ni zile 300.

Hatua hii ya pili ina faida nyingine kwa watumiaji wa GPS za Garmin. Vifaa vyake vingi vya mkononi vinapokea ramani yako kama faili la KMZ, unaloliweka kwenye folda iitwayo CustomMaps. Kifaa huikalisha picha kwenye kisanduku cha latitudo na longitudo, kaskazini juu. Karatasi ya UTM haikai hivyo kwa unyoofu. Mistari yake ya gridi imelala pembeni kidogo. Kwa karatasi ya Morogoro ni sehemu ndogo tu ya nyuzi moja, lakini kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine inafika mita kama 75. Ukiigeuza kwenda latitudo na longitudo kabla ya kutengeneza KMZ, tatizo hilo linakwisha lenyewe.

Kumbukeni pia tumbo la kifaa ni dogo. Vifaa vingi vinakubali vigae, yaani vipande vya picha, 100, kila kigae kisizidi pikseli 1024 kwa 1024. Baadhi ya aina mpya hufika 500. Karatasi yetu moja ina dakika 15 kwa 15, yaani sentimita 55 hivi kila upande, na kwa doti 300 inakula kama vigae 49. Kwa hiyo karatasi mbili zinaingia, ya tatu inakataa, na kifaa hakikuambii kwa nini. Kinaacha tu kuonyesha sehemu ya ramani. Mwenye kazi ya wilaya nzima atumie simu. Geuza ramani iwe faili la MBTiles, ifungue kwa programu ya simu kama OruxMaps au Locus Map, utabeba mkoa mzima bila mtandao. Beba na betri ya akiba.

Na ramani hizi zina wenyewe. Nunueni karatasi kwa njia halali, mzitumie kazini, msizisambaze bila ruhusa.

Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza: mbona unahangaika na karatasi za zamani wakati simu ina ramani za kisasa? Swali lake ni la haki. Kwa miji yetu ramani za wazi zimefanya makubwa. Dar es Salaam, tangu mradi wa Ramani Huria uanze mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wamechora mitaa na mifereji ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Lakini nendeni porini, mbali na lami. Simu inaonyesha uwanja mtupu. Karatasi inaonyesha korongo kwa jina lake, kilima kwa jina lake, chemchemi kwa jina lake. Majina hayo hayakutoka kwenye ndege iliyopiga picha. Yalisemwa na wenyeji, na mtu akayaandika.

Tena kuna jambo linalonigusa zaidi. Karatasi nyingi za huku zilitokana na picha za anga zilizopigwa kabla ya Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 na kabla ya Operesheni Vijiji iliyofuata nchi nzima. Nukta ndogo nyeusi mnazoziona zimetawanyika mabondeni ni nyumba za watu kabla hawajahamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Leo ni mahame. Ukitembea na ramani iliyofungwa vizuri, unafika kwenye nukta hiyo na unakuta mawe ya jiko, au mstari wa minyaa uliokuwa ua wa zizi, au kaburi. Nimewahi kusimama na mama mmoja mahali kama hapo, GPS mkononi, akaniambia, "Hapa ndipo alipozaliwa kaka yangu." Simu yake haikuwa na kitu pale. Karatasi ilikuwa na nukta. Mita 300 zingeninyima mimi na yeye mahali hapo, na watoto wake wasingeonyeshwa.

Na maji ndivyo yalivyo. Aliyechimba kisima mwaka 1958 alijua kitu kuhusu mwamba wa chini. Tukikipata kisima chake tunapata ushahidi kabla hatujalipia mtambo.

Hatua ya mwisho haifanyiki kwenye kompyuta. Ukishaiweka ramani kwenye kifaa, kabla ya safari, nenda kwenye nukta unayoijua: bikoni ya upimaji, daraja la reli, kitu ambacho hakijahama tangu ramani ichapwe. Simama juu yake, subiri dakika tano, uangalie kifaa kinakuweka wapi kwenye picha. Ukikuta uko kusini ya alama kwa milimita 6 za karatasi, unajua tayari umesahau nini. Ukikuta uko juu ya alama, funga begi uende.

Karatasi mbili nimeziweka pale mezani, moja ya ukanda wa 36 na moja ya 37, zote zina pambizo zake. Nimezifunga jana usiku na kuziingiza kwenye vifaa sita. Kimojawapo nimekifunga kwa makusudi bila datamu, kama nilivyofanya siku ile, na sitasema ni kipi. Bikoni iko nje, nyuma ya jengo hili, karibu na mwembe. Chukueni vifaa, twende tukasimame pale mkitafute.